Paka Mwenye Kisukari: Jinsi ya Kupanga Chakula na Uzito Wake, Hatua kwa Hatua

Sisimizi ndio waliotangulia kujua. Niliona mstari mweusi ukitoka chini ya mlango wa bafu hadi kwenye beseni la mchanga la paka, nikadhani mtoto amemwaga soda. Nikapiga deki, nikapuliza dawa. Kesho yake wamerudi palepale, wamelizunguka donge moja la mkojo kama wageni wa harusi kwenye sufuria ya pilau. Wiki mbili baadaye daktari akaniambia sukari ya damu ya Kadogo ni milimoli 24 kwa lita, na kwamba mkojo wake ulikuwa mtamu ndiyo maana wadudu wakaupenda.

Kadogo ni jina alilopewa alipokuwa anaenea kiganjani. Siku ile kwenye mizani alikuwa kilo 7.2.

Ninayoyaandika hapa ni yale niliyojifunza tangu siku hiyo, mengine kwa kuelezwa na daktari, mengine kwa kukosea. Jambo la kushika kabla ya mengine yote ni hili: bakuli na sindano ya insulini ni mizani moja. Ukigusa upande mmoja, wa pili nao unasogea. Mtu akikwambia "badilisha tu chakula, atapona" bila kukuuliza paka wako anadungwa yuniti ngapi, msikilize kwa heshima kisha usimfuate.

Kwa nini bakuli lina nguvu hivi

Paka si mbwa mdogo. Mwili wake umeumbwa kuishi kwa nyama. Mate yake hayana kimeng'enya cha kuvunja wanga, na ini lake ni zito kuishughulikia sukari nyingi inayoingia kwa mpigo. Kisukari cha paka wengi hufanana na kile cha aina ya pili kwa binadamu: kongosho linatoa insulini, lakini mwili, hasa ulionenepa, hauisikii vizuri. Kongosho linajikaza mpaka linachoka. Wanaopatwa zaidi ni madume waliohasiwa, wa kukaa ndani, waliopita miaka saba. Yaani Kadogo mtupu. Dawa za steroidi, zile za kutuliza mwasho au pumu, nazo huweza kukichochea, kwa hiyo mwambie daktari kama paka wako amewahi kudungwa hizo.

Habari njema ni kwamba kongosho lililochoka mara nyingine hupumzika na kurudi kazini. Paka aliyewahiwa mapema, akapunguziwa wanga na kupewa insulini inayomfaa, anaweza kufikia hatua ya kutohitaji sindano. Si wote. Ila nafasi ni kubwa zaidi katika miezi ya mwanzo, na ndiyo maana haifai kupoteza nusu mwaka ukijaribu majani ya mwarobaini.

Hatua ya 1: Daktari kwanza, bakuli baadaye

Usianze na duka, anza na vipimo: damu, mkojo, figo, meno, na tezi ya shingo kama paka ni mzee. Figo ni muhimu hasa, kwa sababu chakula chenye protini nyingi kinachomfaa paka wa kisukari huenda kisimfae aliye na figo zilizochakaa, na hapo daktari ndiye anayepima kipi kitangulie. Hapa Nairobi kuna kliniki nyingi za wanyama wadogo, na Chuo Kikuu cha Nairobi kina kitivo chake cha tiba ya mifugo kule Kabete. Popote uendapo, hakikisha anayekuhudumia amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya. Muuzaji wa agroveti anaweza kuwa mtu mzuri sana, lakini kuku wa mayai na paka wa kisukari ni kesi mbili.

Jua pia kwamba paka akiogopa, sukari hupanda. Ukimsafirisha kwenye matatu ya Jogoo Road, honi na muziki juu, atafika kliniki na namba isiyo yake. Daktari akitaka kujua hali ya wiki mbili tatu zilizopita anaweza kupima fruktosamini, ambayo haidanganywi na safari ya siku moja.

Na kama paka wako tayari amekonda, mifupa ya mgongo inahesabika, hatua za kupunguza uzito zilizo hapa chini si zake. Kisukari kisichodhibitiwa humwaga kalori kwenye mkojo. Paka wa namna hiyo hula sana na bado anakwisha. Anahitaji sukari ishuke kwanza, na chakula kingi, si kidogo.

Hatua ya 2: Mpime kwa mizani, kisha kwa mikono

Mizani ya bafuni ya kupanda wewe ukiwa umembeba, kisha kujitoa, haifai. Inakosea gramu mia, mia mbili, na sisi tunatafuta gramu hamsini. Tafuta mizani ya kupimia watoto wachanga, au ile ya dijitali ya jikoni yenye sahani pana inayofika kilo kumi. Mimi nilianza kwa muuza nyama wa pale mtaani. Alicheka sana, lakini alifuta sahani, akatandika gazeti, akampima. "Huyu ni wa robo ngapi?" akaniuliza.

Mikono nayo ina kazi yake. Pitisha vidole mbavuni bila kubonyeza. Paka wa uzito mzuri, mbavu unazisikia kama unapapasa migongo ya vidole vyako mwenyewe, kiganja kikiwa chini. Ukilazimika kuzitafuta kama funguo chini ya godoro, amezidi. Madaktari hutumia ngazi ya 1 hadi 9, ambapo 5 ndiyo sawa, na kila ngazi juu ya hapo ni kama asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa ziada. Kadogo aliwekwa 8. Kwa hesabu ya asilimia 10 kwa ngazi, amezidi kwa 30, hivyo 7.2 ukigawanya kwa 1.3 unapata kilo 5.5. Hiyo ndiyo shabaha.

Hatua ya 3: Soma pakiti kama unasoma risiti ya hospitali

Hapa ndipo pesa na afya hukutana, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Pakiti nyingi haziandiki kiasi cha wanga. Unakitafuta kwa kutoa. Chukua 100, toa protini, mafuta, maji, majivu (yaani madini) na nyuzi. Kinachobaki ni wanga. Tuseme chakula kikavu kimeandikwa protini 32, mafuta 12, maji 10, majivu 8, nyuzi 4. Jumla 66. Wanga ni 34.

Usiishie hapo, maana ukilinganisha chakula kikavu na chakula laini chenye maji mengi kwa asilimia hizo utadanganyika. Cha kuangalia ni kalori ngapi zinatokana na wanga. Protini na wanga zidishe kwa 3.5, mafuta kwa 8.5. Kile kikavu: protini 112, mafuta 102, wanga 119. Jumla 333, na wanga peke yake ni takriban asilimia 36. Sasa chukua pochi ya chakula laini: protini 10, mafuta 5, maji 80, majivu 2, nyuzi 0.5. Wanga unabaki 2.5. Kalori zake: 35, 42.5 na karibu 9. Jumla kama 86, na wanga ni asilimia 10.

Kwa paka wa kisukari, lenga wanga usiozidi asilimia 10 hadi 12 ya kalori. Ndiyo maana chakula laini karibu kila mara hukishinda kikavu, hata kile kikavu chenye picha ya paka mwembamba na neno "light", yaani chepesi, ubavuni. Vyakula vingi vya kupunguza uzito hupunguzwa mafuta, na pengo likajazwa nafaka. Kwa mgonjwa wetu hiyo ni biashara mbaya.

Mambo mawili ya dukani. La kwanza, chakula laini kilichosagwa kama pate kwa kawaida kina wanga mdogo kuliko vipande vinavyoogelea kwenye mchuzi mzito, kwa sababu mchuzi ule huongezewa wanga ili ushikane. La pili, chakula cha kupima, kile kinachochotwa kwenye gunia na kufungwa kwenye mfuko mweupe wa kilo, achana nacho kabisa. Si lazima kiwe kibaya, ila hakina lebo, na bila lebo huna hesabu.

Hatua ya 4: Kalori za siku

Zidisha uzito unaolengwa kwa 30, ongeza 70. Kwa Kadogo: 5.5 mara 30 ni 165, jumlisha 70 unapata 235. Hizo ndizo kalori zake za kuanzia, zile ambazo pakiti huziandika kcal. Daktari anaweza kuziinua au kuzishusha.

Sasa angalia tulikokuwa. Kikombe cha chai kilichojaa chakula kikavu ni kama gramu 100, kalori 330 na ushei. Kadogo alikuwa anawekewa kikombe asubuhi, na bakuli likikauka anaongezewa. Pochi ya gramu 85 ya ule mfano wetu ina kalori 73 hivi, kwa hiyo siku nzima ni pochi tatu na kijiko. Ndiyo, inauma mfukoni. Makopo makubwa hugharimu kidogo kwa gramu. Likishafunguliwa lifunike na uliweke kwenye friji, ulimalize ndani ya siku mbili.

Pima kwa gramu. Kijiko cha leo na kijiko cha kesho si ndugu.

Kasi ya kupungua iwe asilimia 0.5 hadi 1 ya uzito kwa wiki. Kwa paka wa kilo 7.2 hiyo ni gramu 36 hadi 72. Ukienda kwa 50, kilo 1.7 zitachukua kama miezi minane. Usiharakishe. Paka mnene akinyimwa chakula, mafuta ya mwilini hukimbilia kwenye ini na kulisonga, na hilo linaweza kumwua kabla kisukari hakijafanya lolote. Kwa hiyo ule ushauri wa "akisikia njaa atakula" usiutumie kwa paka. Akikataa chakula saa 24, piga simu kliniki.

Hatua ya 5: Kubadilisha, na usiku nisioutaka urudi

Ilikuwa mwisho wa mwezi, mshahara umeingia. Nikanunua katoni nzima ya chakula laini, nikamwaga kile kikavu kwenye pipa mbele ya Kadogo kama mtu anayeacha sigara. Sindano nikaiacha ilivyokuwa, asubuhi na jioni, yuniti zilezile.

Siku ya pili, karibu saa sita usiku, nilimkuta nyuma ya mtungi wa gesi. Nilipomwita alisimama, miguu ya nyuma ikapishana, akaegemea ukuta kama mlevi anayetafuta mlango wake. Macho yote meusi. Nikamtoboa sikio, mashine ikasoma 2.1. Nikapaka asali kwenye ufizi kwa kidole, kidogo kidogo, mikono ikinitetemeka hadi asali nyingine ikaingia kwenye manyoya. Baada ya dakika kumi akaanza kulamba. Nikamlisha, tukaingia teksi.

Daktari hakunigombeza. Aliuliza tu, "Ulipunguza wanga, na insulini je?" Kisha akaikata dozi karibu nusu.

Kwa hiyo fanya hivi. Mpigie daktari kabla ya kununua chakula kipya, mkubaliane tarehe na dozi. Nunua mashine ya kupimia sukari na stripi zake. Ile ya binadamu ya kemisti inasaidia, lakini kwa paka kwa kawaida husoma chini kuliko ukweli, hivyo tumia mashine moja siku zote na umwambie daktari ni ya aina gani. Damu unaitoa ukingoni mwa sikio: pasha sikio kwa soksi iliyotiwa mchele uliopashwa moto, toboa, mpe kipande cha kuku. Wiki moja tu naye atakuja mwenyewe akisikia droo inafunguliwa.

Anza kuchanganya: robo chakula kipya, robo tatu cha zamani, siku mbili tatu, kisha nusu kwa nusu, endelea hivyo hadi siku ya kumi. Pima sukari kabla ya kila sindano katika kipindi hiki chote na mtumie daktari namba. Dozi usiibadilishe kwa kubahatisha, wala usiipandishe kwa sababu ya namba moja ya juu.

Saa moja asubuhi na saa moja jioni: pima, mpe chakula, mwone anakula, ndipo udunge. Akigoma kula au akitapika, usidunge dozi nzima. Piga simu kwanza. Na hapohapo kwenye sindano, angalia chupa. Insulini za binadamu zinazouzwa kwenye kemisti nyingi ni U-100, baadhi za wanyama ni U-40, na kila moja ina sirinji yake. Ukizichanganya unaweza kumdunga mara mbili na nusu ya dozi, na hapo hakuna chakula kitakachokuokoa.

Mkaidi wa kula chakula laini mpashie kidogo kifikie joto la mwili, harufu ipande. Au nyunyizia juu punje chache za kile kikavu zilizosagwa. Kadogo alichukua siku nne kukubali. Mara ya pili nilikuwa na subira zaidi.

Hatua ya 6: Kuku wa jikoni, omena, na maziwa ya shosho

Watu huniuliza kama nyama ya Burma Market haiwezi kumaliza mambo haya kwa bei nafuu. Nyama haina wanga, kweli. Lakini steki tupu au kidari cha kuku kilichochemshwa, siku baada ya siku, hakina kalisi ya kutosha, na taurini, ambayo paka hawezi kuishi vizuri bila kuila, hupotelea kwenye maji ya kuchemshia. Moyo na macho ndivyo vinavyolipa. Ukitaka kumpikia kila siku, mwombe daktari mpango ulioongezwa madini na vitamini. La sivyo, nyama ya nyumbani isizidi sehemu moja kwa kumi ya kalori za siku, kwa Kadogo kama 23. Kuku asiye na ngozi aliyechemshwa ana kalori kama 165 kwa gramu 100, kwa hiyo ni kama gramu 14: kipande cha ukubwa wa kidole gumba.

Omena wachache wa kuhesabu kwa vidole, waliooshwa mchanga na kuchemshwa bila chumvi, ni zawadi nzuri. Maini kidogo sana na si kila siku, maana vitamini A hurundikana mwilini. Vitunguu na saumu hapana kabisa, hata kwenye mchuzi, vinaharibu chembe za damu. Mifupa iliyopikwa hapana. Ugali uliopakwa supu ni ugali.

Kuhusu maziwa, vita yangu kubwa ilikuwa na mama yangu alipokuja kutoka nyumbani kukaa na wajukuu. "Paka asiyekunywa maziwa ni paka gani huyo?" Kila nikitoka, sahani ikijaa. Nikamwonyesha: mililita 100 za maziwa zina kalori zaidi ya 60, robo ya chakula chake cha siku, na sukari ya maziwa juu yake. Hesabu haikumgusa. Kilichomgusa ni nilipomwambia, "Mama, ni kama ile sukari yako. Daktari alikukataza soda, na huyu amekatazwa maziwa." Tangu siku hiyo yeye ndiye askari wa bakuli.

Kwa plot yenye milango mingi, mama mmoja hatoshi. Mwambie dada wa kazi, mwambie keateka anayeangalia plot, waambie watoto. Mimi nilimshonea Kadogo ukosi wenye maandishi: NINA KISUKARI, USINILISHE. Mama Brayo wa ghorofa ya chini akakiri kwamba amekuwa akimpa ngozi za kuku kila Jumapili tangu mwaka juzi. Kama una paka wawili, walishe vyumba tofauti, mlango umefungwa, bakuli ziondolewe baada ya nusu saa.

Wiki kwa wiki

Jumapili asubuhi, kabla ya chakula, mizani. Andika uzito, yuniti, alichokula, na donge la mkojo limekuwa kubwa au dogo. Donge likipungua ukubwa, sukari inashuka. Asipopungua kwa wiki tatu, na una hakika hakuna anayemlisha pembeni, punguza kalori kwa asilimia 5 hadi 10. Akipungua zaidi ya asilimia 2 kwa wiki, ongeza chakula na umwone daktari. Akinenepa huku dozi ikipanda na sukari haishuki, mwulize daktari kuhusu homoni ya ukuaji. Uvimbe mdogo kwenye tezi ya ubongo unaweza kuwa ndio unaoipinga insulini.

Uzito ukipungua, mwili huisikia insulini zaidi, na dozi ya Januari inaweza kuwa sumu Mei. Endelea kupima. Mchezeshe kamba dakika tano, mara mbili au tatu kwa siku, na bakuli liweke mahali pa kupandia.

Usingoje asubuhi

Kuyumba, kutetemeka, kuchanganyikiwa au degedege: sukari imeshuka. Akiweza kumeza mpe chakula; asipoweza, paka asali au glukosi ya unga iliyoloweshwa kwenye ufizi, usimmiminie mdomoni. Halafu kliniki, hata akizinduka, kwa sababu insulini bado iko kazini na inaweza kumrudisha chini.

Kutapika, kulegea, kukataa chakula, na pumzi yenye harufu kama ya dawa ya kutolea rangi ya kucha: hiyo ni asidi ya ketoni, nayo ni ya hospitali usiku huohuo. Paka anayekanyaga kwa kisigino badala ya vidole si dharura, ni neva zimeumizwa na sukari. Mara nyingi hujirudi taratibu sukari ikidhibitiwa.

Akifika kwenye uzito, au sindano ikisimama

Ongeza kalori taratibu, asilimia 5 kila wiki mbili, mpaka uzito utulie. Wanga usirudi, hata kama daktari amesimamisha insulini. Kisukari hiki hurudi kwa baadhi yao, na chakula kikavu ni mlango wake rahisi. Pima sukari mara moja kwa wiki au kama mtakavyopatana, na uwe mwangalifu akiandikiwa steroidi.

Kadogo ana kilo 5.6. Yuko kwenye yuniti moja asubuhi na jioni, na daktari ametupa mwezi mwingine kabla ya kujaribu kuiondoa. Beseni la mchanga bado nalikagua kila asubuhi kwa tochi ya simu, chini ya mlango, nikitafuta ule mstari mweusi.